Ngozi na nywele zako: kipi kimekufa, kipi kiko hai, na utunze vipi ukiwa huku kwetu Lamu (mwongozo kamili)

Mimi kazi yangu hina na kusuka nywele, niko Lamu, huku Langoni, na swali naloulizwa kutwa ni moja tu, "nipake nini?" Nipake nini uso ung'are, nipake nini nywele zirefuke, nipake nini hizi nyufa za kisigino ziishe. Na mimi huwajibu kwa swali: wataka kupaka kilichokufa ama kilicho hai? Wananitazama kama nimepandwa na kitu. Lakini wallahi ndio swali lenyewe. Ngozi unayoiona kwa macho imekufa, nywele unazozishika mkononi zimekufa, kilicho hai kiko chini hukioni, na karibu kila balaa nililokutana nalo kwenye hii kazi lilitokana na mtu kujaribu kufufua maiti, ama kuunguza kilicho hai akidhani anatoa uchafu.

Shika kioo na tochi ya simu tuanze. Hatua zingine ndefu zingine fupi, mnivumilie.

Hatua ya 1: Ijue ngozi kwa vidole

Finya kope la jicho taratibu, halafu finya kisigino. Hiyo ni ngozi ya mtu mmoja lakini kope ndio nyembamba kuliko zote, kama nusu milimita hivi, na nyayo na viganja ndio nene. Kwa hivo krimu inayofaa mguuni si lazima ifae chini ya jicho, hilo tu tayari lingewaokoa watu wengi. Ngozi yote ya mtu mzima ukiitandaza inazidi kanga moja kidogo, haifiki doti.

Sasa fikiria umepita kwenye kichochoro, punda amekuja na mizigo, ukajibana ukutani na mkono ukakwaruzwa na jiwe la matumbawe (ukuta wenyewe uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, kwa hivo umekwaruzwa na urithi wa dunia, hongera). Ukitazama, mara nyingine waona mstari mweupe tu, hakuna damu. Hapo umegusa tabaka la juu, ambalo halina mishipa ya damu hata mmoja. Ikitoka damu ujue umefika tabaka la pili.

Tabaka la juu linafanya kazi hivi: chini yake kabisa kuna chembe hai zinazozaana, zile mpya zinasukuma za zamani kwenda juu, zikipanda zinakuwa bapa, zinajaa kitu kigumu kinaitwa keratini, zinakufa, zinakaa juu kama ngao halafu zinapukutika. Safari nzima huchukua kama wiki nne, kwa mtu mzee zaidi. Yale mavumbi unayokung'uta kwenye shuka, mengine ni wewe mwenyewe.

Hizo chembe zilizokufa zimepangwa kama mawe ya ukuta wetu, na katikati yake kuna mafuta yanayozishikanisha kama chokaa. Chokaa ikiwepo maji hayatoki ndani na uchafu hauingii. Chokaa ikitoka, ngozi inakauka, inawasha, inapauka. Na kinachotoa chokaa haraka ni sabuni kali ya kipande, manake ngozi yapenda uchachu kidogo, pH (kipimo cha uchachu, namba ikipanda uchachu unapungua) kama 5, na sabuni nyingi za kipande ziko 9 mpaka 10. Mtu anajisugua mpaka ngozi inalia kwii kwii akasema sasa nimetakata. Hujatakata, umebomoa ukuta.

Hapo hapo kwenye sakafu ya tabaka la juu ndipo kuna chembe zinazotengeneza rangi, melanini. Na hili nataka mlisikie vizuri: idadi ya hizo chembe ni karibu sawa kwa mtu mweusi na mweupe. Tofauti ni punje zenyewe za rangi, kwetu ni nyingi na kubwa. Zikishatengenezwa zinapelekwa kwenye chembe jirani na kule zinakaa juu ya kiini kama mwavuli, zinakinga jua lisiharibu. Kwa hivo weusi si uchafu wa kusugua, ni miavuli, mamilioni kwa mamilioni.

Tabaka la pili lina kolajeni inayoipa ngozi nguvu, mishipa ya damu, fahamu za maumivu na joto, mizizi ya nywele, na tezi za jasho kati ya milioni 2 na 4. Chini yake ni mafuta, godoro la mwili.

Jasho nalo wengi wanalielewa nusu. Linapoza pale linapokauka, si linapotoka. Ndio maana wakati wa maleleji, upepo umekufa na hewa imejaa maji, unachirizika mpaka kanga inalowa na joto liko pale pale. Vijia vya jasho vikiziba unapata harara, vile vipele vidogo vya kuchoma shingoni na mgongoni, watoto ndio hupata sana. Dawa ya harara ni kupoa, kuoga maji baridi, nguo za pamba, kalamini ukitaka. Usimpake mtoto mafuta mazito juu ya harara, wazidi kuziba. Kikwapa ni habari nyingine, kule kuna tezi za aina yake na jasho lake likitoka halinuki, linanuka bakteria wakishalila.

Hatua ya 2: Isome ngozi yako kwa hina, na uache piko

Hina ndiyo iliyonifundisha haya yote kabla sijasoma popote. Mbona kiganja kinakoza mpaka kuwa kama kahawa na mgongo wa mkono unabaki rangi ya chungwa? Ni kwa sababu rangi ya hina inashika kwenye keratini, kwenye zile chembe zilizokufa, na kiganjani ziko nyingi, zimerundikana. Na mbona inafutika baada ya wiki moja mpaka tatu? Haifutiki, inapukutika na ngozi. Hina ni kalenda, yakuonyesha ngozi inavyohama.

Namna yangu: unga mpya wa hina, maji ya ndimu, sukari kidogo, naulaza usiku. Nikishachora mtu anakaa nayo masaa sita ama zaidi, kisha anaikwangua bila maji, na akiweza asiloweshe mpaka kesho yake. Siku ya kwanza itakuwa chungwa, usiogope, inakoza siku ya pili. Watoto wachanga msiwapake. Huku pwani kuna watoto wengi wana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, ni kitu cha kuzaliwa nacho na kimeenea sehemu za malaria, na hina ikipenya ngozi yao laini inaweza kupasua chembe nyekundu za damu.

Sasa piko, ile rangi nyeusi ya kuchora mwilini wengine wanayoiita hina nyeusi. Nilikuwa naichora, sitadanganya. Bibi harusi wanataka maua meusi tititi na nusu saa wameshamaliza, nani ana subra ya kulala na hina. Nikamchorea binti mmoja siku tatu kabla ya harusi, maua kutoka kidole cha kati mpaka kwenye kiwiko, kazi safi, nikapiga na picha. Siku ya pili usiku mamake akanipigia, "Mwanangu, hebu njoo uone mkono huu." Nikaenda. Ua lilikuwa limevimba. Si mkono, ni UA, kila jani na kila kijiti nilichochora kimeinuka malengelenge, ungeweza kulisoma kwa kidole gizani. Binti analia, anaogopa kukuna. Akaolewa amevaa glavu.

Sababu ni kemikali moja iko kwenye piko inaitwa PPD, ni dai ya nywele, yaani rangi ya kutia nywele. Dai ya nywele imekusudiwa kilichokufa, unywele, na hata hivo kwa kipimo na isikae. Ulaya hairuhusiwi kabisa kuchorwa mwilini. Ukiipaka kwenye ngozi haibaki juu kama hina, inapenya mpaka kwa askari wa mwili walio chini, wakishaijua wanaikumbuka maisha. Ndio maana mara ya kwanza mtu anaweza kupona kabisa akasema mimi sidhuriki, mara ya pili ya tatu ndio yanaripuka. Na akishakuwa hivo hata dai ya kawaida ya nywele inaweza kumvimbisha uso. Dalili ya kujua: hina halisi haiwezi kuwa nyeusi kwa saa moja. Ikikoza haraka hivo, osha kwa maji mengi na sabuni saa hiyo hiyo, usisubiri iwashe.

Hatua ya 3: Kuoga na kupaka

Fupi hii. Maji ya visima vingi mjini yana chumvi, ya Shela kwenye mchanga ndio matamu, kwa hivo kama una maji matamu kidogo yaweke ya mwisho, ya kujisuuzia. Sabuni peleka kwapani, sehemu za siri kwa nje, miguuni, kwingine maji yatosha siku nyingi. Jipanguse kwa kubonyeza si kusugua, na kabla hujakauka kabisa paka mafuta. Watu hukosea hapa, mafuta hayaleti maji kwenye ngozi, yanafungia yaliyopo. Ukipaka ukiwa mkavu umefungia ukavu.

Liwa iliyosagwa kwenye msio (jiwe la kusagia) na marashi ya mawaridi ni nzuri, inapoza. Singo, ule mchanganyiko wa kusugulia mwili, pia sawa, mara moja kwa wiki, inaondoa zilizokufa zilizolegea, ila usisugue mpaka ikawa nyekundu na usisugue siku uliyonyoa. Lakini ndimu usoni halafu utoke juani, jamani, acheni! Maji ya ndimu yakipigwa na jua yanaunguza, yanaacha mabaka ya kahawia miezi. Nimeona mtu kakamua ndimu za achari barazani, mikono ikatoka madoa kama kamwagiwa chai.

Hatua ya 4: Jua

Sisi tuko nyuzi kama 2 tu kusini ya ikweta, jua liko utosini karibu mwaka mzima, na mchanga na maji vinalirudisha juu. Ngozi nyeusi ina kinga yake, imepimwa ni kama SPF (kipimo cha kinga ya jua) 13, ya mweupe kama 3. 13 si haba ila si ngome. Mabaka meusi mashavuni, yale ya baada ya mimba, jua ndilo linaloyachochea, unaweza kupaka dawa ya elfu ngapi na ukikaa juani bila kujikinga yatarudi tu.

Kwa hivo: kivuli kati ya saa nne na saa tisa ukiweza, kofia pana, mtandio, na sanskrini SPF 30 kwenda juu. Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili, kidole cha shahada na cha kati kuanzia mwanzo hadi ncha, rudia kila masaa mawili na kila ukitoka baharini. Najua zingine zinatuacha weupe kama tumepakwa unga, tafuta ile ya majimaji. Mwenye ualbino, kwake hii si urembo, ni lazima kila siku tangu utotoni, na mikono mirefu juu yake, kwa sababu miavuli hana.

Na msidhani saratani ya ngozi ni ya wazungu peke yao. Bob Marley alifariki 1981 ana miaka 36, na ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Kwa mtu mweusi ile mbaya hupenda kujificha pale ambapo rangi ni kidogo na jua halifiki, nyayo, viganja, chini ya kucha. Mara moja kwa mwezi geuza nyayo utazame kwa tochi. Mstari mweusi kwenye ukucha mmoja unaozidi kupanuka, doa la unyayoni linalokua, usikae nalo.

Hatua ya 5: Krimu za kung'arisha

Hapa nitagombana na watu na sijali. Ndani ya hizi krimu mara nyingi kuna kimoja kati ya vitatu: zebaki, haidrokwinoni, ama steroidi. Zebaki inaingia mwilini inakwenda kwenye figo, na hata mtoto unayembeba inampata. Mkataba wa Minamata, ule wa mataifa kuhusu zebaki, uliopatikana 2013, uliweka 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vya kung'arisha vyenye zebaki na bado vinauzwa. Haidrokwinoni inazuia melanini, mwanzo yaonekana ajabu, ukiitumia miaka ngozi ya mashavuni inakuja rangi ya bluu nyeusi kama masizi, na hiyo kuitoa ni shida kubwa. Steroidi, soma kikopo, ukiona betamethasone ama clobetasol ndio hiyo, ni dawa halali ya ukurutu kwa muda mfupi, lakini ukijipaka uso mwaka mzima inakondesha ngozi mpaka mishipa inaonekana, michirizi mapajani, chunusi, na choa inajificha inaenea chini kwa chini. Aliyetumia steroidi muda mrefu asiache ghafla peke yake, amuone daktari apunguziwe.

Kikopo hakina lebo? Basi hakuna cha kujadili.

Hatua ya 6: Nywele

Ng'oa unywele mmoja. Ukiona kitu cheupe mwishoni si mzizi kama wa mti, kile ni kitako cha unywele tu, kiwanda chenyewe kimebaki kichwani na kitatoa mwingine. Kiwanda ni kishimo kwenye tabaka la pili, chini kina kitone kinacholishwa na damu, pembeni kina tezi ya mafuta na kimsuli kidogo. Ukisikia baridi ama hofu kimsuli kinavuta, malaika yanasimama.

Unywele wenyewe una koti la nje la magamba, ndani keratini iliyosokotwa kama kamba, na nywele nene zina kiini katikati. Magamba yamelalia kama makuti ya paa, yanaelekea nchani. Shika unywele upitishe vidole kutoka kichwani kwenda nchani, laini. Rudisha, unakwaruza. Sasa mtu anayechana kutoka juu kwa nguvu kwenye fundo anafanya nini? Anavunja paa. Anza nchani, nywele zikiwa na maji na kondishona, kwa vidole ama kitana cha meno mapana, panda taratibu. Bibi yangu akinisuka barazani alikuwa na msemo wake, kitwa (yeye Mwamu wa kweli, hasemi kichwa) hakina haraka. Nilikuwa namchukia.

Kichwa kina nywele kama laki moja. Kila moja inakua miaka 2 mpaka 6, kama sentimita 1 kwa mwezi, zetu za kipilipili chini kidogo ya hapo, halafu inapumzika kama miezi mitatu inaanguka. Kudondosha 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Mama aliyejifungua akianza kumwaga nywele mwezi wa tatu asilie, zilikuwa zimezuiliwa na mimba, zinarudi. Nywele zetu ni za kipilipili kwa sababu kishimo kimepinda, na mafuta ya kichwani hayawezi kushuka ngazi zote hizo mpaka nchani, ndio maana ngozi ya kichwa ina mafuta na ncha zimekauka. Kwa hivo nywele hukua sana tu, tatizo zinakatika nchani kwa kasi ile ile. Mnaosema "zangu hazirefuki", ndio hivo.

Mafuta ya nazi, haya yetu ya kukamuliwa nyumbani, ni kati ya machache yanayoingia ndani ya unywele kweli. Paka nusu saa ama usiku KABLA ya kuosha, kwenye nywele, si kuyamimina kwenye ngozi ya kichwa kila siku. Mba inaletwa na aina ya kuvu anayekula mafuta, ukipaka mafuta juu ya mba umempikia. Tumia shampuu ya ketokonazoli, dawa ya kuua kuvu, iache dakika tano, mara mbili kwa wiki.

Misuko: ikikuuma kulala usiku ule, imekazwa mno. Ukiona vipele vyeupe pembezoni mwa kipaji, fungua leo, hata kama ulilipa. Nywele za mbele zikivutwa miaka na miaka kishimo kinakufa, na hapo hakuna mafuta ya vitunguu yatakayofufua. Usizidishe wiki sita mpaka nane, na pumzisha. Sisi tunaofunga mtandio tuna letu: usifunge nywele mbichi. Joto, maji na giza, kuvu atataka nini tena. Ziache zikauke kwanza, na usifunge kifundo mahali pale pale kila siku. Rilaksa ina nguvu ya kuvunja vifungo vya ndani vya keratini, pH yake inafika 13, kwa hivo ikianza kuchoma usivumilie ati ndio inafanya kazi, inachokichoma saa hiyo ni kilicho hai.

Wanaume, vipele vya ndevu ni unywele uliopinda umerudi kuchoma ngozi. Acha milimita moja kwa mashine, usinyoe mpaka chini, na kinyozi asiku-"zero" kisogo kila wiki. Watoto wa madrasa wakitoka punye, wengine huita mashilingi, krimu peke yake haitoshi, kuvu yuko ndani ya kishimo, anahitaji vidonge vya hospitali, na kitana kisishirikiwe.

Hatua ya 7: Lini uende hospitali

Doa linalobadilika rangi ama umbo, kidonda kisichopona mwezi, baka lililopauka lisilosikia sindano wala joto (huo unaweza kuwa ukoma, na unatibika kabisa ukiwahi), malengelenge baada ya kupaka kitu, nywele zinazotoka kwa mabaka ya duara, uso kuvimba baada ya dai. Uso ukivimba na pumzi ikabana usisubiri asubuhi, tafuta boti usiku huo huo kama uko kisiwani mbali.

Na ukienda, beba ulichopaka. Kikopo, pakiti, hata sponji uliyotumia. Siku ile tulipompeleka yule bibi harusi daktari aliuliza kitu kimoja tu, "mmepaka nini?", na mimi nikatoa kipakiti kwenye mkoba, cheusi, kimechanika, hakina hata herufi moja.